Dawa za Kuutegemeza Moyo Baada ya Upasuaji: Kutoka Chumba cha Wagonjwa Mahututi Muhimbili Hadi Nyumbani Tandale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza dawa zinazotumika kuutegemeza moyo baada ya upasuaji, tangu saa za mwanzo katika chumba cha wagonjwa mahututi hadi miaka inayofuata mgonjwa akiwa nyumbani. Mfano unaorejelewa ni wa mkazi wa Tandale, Dar es Salaam, aliyebadilishiwa valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Hoja kuu ni kwamba dawa hizo zimegawanyika katika makundi mawili yanayofanya kazi kwa mielekeo iliyo kinyume. Kundi la kwanza huuhimiza moyo kwa saa au siku chache. Kundi la pili huupunguzia mzigo na kuilinda valvu kwa miaka. Kundi la kwanza humvusha mgonjwa hatari ya upasuaji. Kundi la pili ndilo linaloamua kama upasuaji huo utadumu, nalo ndilo rahisi zaidi kuachwa.

1.0 Utangulizi

Kabla ya mwaka 2008, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa kufungua kifua na kusimamisha moyo alilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India. Mwaka huo upasuaji wa aina hiyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kazi katika eneo hilohilo la Muhimbili. Safari iliyokuwa ya ndege sasa inaweza kuwa safari ya daladala.

Tandale ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, kilomita chache kutoka Muhimbili, yenye soko la nafaka linalojulikana jijini kote na nyumba zilizobanana kuuelekea Mto Ng'ombe. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba huweza kuwa makazi ya familia nzima, na watoto kadhaa hulala kitanda kimoja. Mazingira ya namna hiyo huwapa nafasi bakteria wa streptokoka, wanaosababisha maumivu ya koo, kuhama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayoinuka kupambana na bakteria hao hugeuka na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Maumivu ya viungo hupita, lakini makovu katika valvu hubaki, na mara nyingi dalili hujitokeza katika ujana: kuchoka, kupumua kwa shida, miguu kuvimba, au moyo kushindwa wakati wa ujauzito.

Valvu ikiwa imeharibika sana, dawa haziwezi kuifungua wala kuiziba. Hapo ndipo upasuaji huhitajika. Sehemu zinazofuata zinafafanua kwa nini upasuaji huo hauondoi haja ya dawa.

2.0 Hali ya Moyo Unapotoka katika Upasuaji

Ili valvu ibadilishwe, moyo hauna budi kusimama. Damu huelekezwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, iliyotumiwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na John Gibbon huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1953. Kisha maji ya baridi yenye potasiamu nyingi hupitishwa katika mishipa inayolisha misuli ya moyo, nao moyo hutulia. Baridi na utulivu hupunguza mahitaji yake ya oksijeni, lakini haviyaondoi kabisa.

Baada ya kazi kumalizika, moyo huanza tena kupiga, ingawa si kwa nguvu zake zote. Misuli iliyokaa kwa muda bila damu ya kutosha huwa hai lakini imezubaa. Kwa kawaida nguvu ya moyo hushuka katika saa chache za mwanzo, halafu hupanda taratibu, na kwa wagonjwa wengi hurudi ndani ya saa 24 hivi.

Kwa mgonjwa wa valvu kuna ugumu wa ziada. Ikiwa valvu ya mitrali ilikuwa imesinyaa, damu ilikuwa ikirundikana katika mapafu kwa miaka, shinikizo la mishipa ya mapafu limepanda, na chumba cha kulia cha moyo kimechoka kwa kulisukuma. Ikiwa valvu hiyo ilikuwa ikivuja, chumba cha kushoto kilikuwa kimezoea kumwaga sehemu ya damu kinyumenyume, mahali penye shinikizo dogo. Siku valvu mpya inapowekwa, njia hiyo rahisi hufungwa, na damu yote hulazimika kusukumwa kwenda mwilini. Udhaifu uliokuwa umefichwa na uvujaji huonekana wakati huo.

Dalili za moyo usiosukuma damu ya kutosha hutazamwa saa baada ya saa. Miguu huwa ya baridi. Mkojo hupungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mgonjwa wa kilo 50, hiyo ni chini ya mililita 25. Asidi ya laktiki huongezeka katika damu, ishara kwamba seli zinakosa oksijeni. Hata hivyo, dawa ya kuhimiza moyo si jibu la kwanza. Wahudumu huanza kwa kuuliza kama mgonjwa amepungukiwa na damu au maji, kama mapigo yamevurugika, na kama damu imevujia ndani ya mfuko unaouzunguka moyo na kuubana. Moyo uliobanwa na damu huhitaji kufunguliwa nafasi. Kuuhimiza kwa dawa ni kuchelewesha tiba.

3.0 Dawa za Saa za Mwanzo

3.1 Kundi la adrenalini

Kila pigo la moyo huanza kwa kalsiamu kuingia katika seli za misuli na kuzifanya zijikunje. Kalsiamu ikiwa nyingi zaidi, mkunjo huwa na nguvu zaidi. Adrenalini, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza na Jokichi Takamine mwaka 1901, hufika juu ya ukuta wa seli na kuamsha ndani yake kemikali inayobeba ujumbe, ambayo huongeza kiasi cha kalsiamu. Ugunduzi wa mjumbe huyo wa ndani ulimpatia Earl Sutherland Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Dobutamini, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970, hutumia mlango huohuo, lakini iliundwa kwa lengo la kuongeza nguvu ya moyo bila kubana sana mishipa. Noradrenalini, kwa upande wake, hubana mishipa zaidi, na hutumika pale ambapo moyo unasukuma vya kutosha lakini mishipa imelegea na shinikizo limeshuka.

Vipimo vya dawa hizi ni vidogo mno. Mgonjwa wa kilo 50 anayepewa adrenalini mikrogramu 0.05 kwa kila kilo kwa dakika hupokea miligramu 0.15 kwa saa. Kichupa kimoja cha miligramu 1 kinatosha kwa zaidi ya saa sita. Kwa sababu hiyo dawa hupitishwa katika mshipa mkubwa kwa pampu inayosukuma bomba la sindano polepole. Adrenalini hutoweka katika damu ndani ya dakika chache. Bomba likiisha bila jingine kuwa tayari, shinikizo linaweza kuporomoka mara moja. Kubadilisha bomba bila kuacha pengo ni sehemu ya tiba sawa na dawa yenyewe, na kazi hiyo iko mikononi mwa muuguzi.

3.2 Milrinoni

Milrinoni huongeza nguvu kwa njia nyingine. Badala ya kumwamsha mjumbe wa ndani, humzuia kimeng'enya anayemvunja. Tofauti hiyo yaweza kulinganishwa na ndoo yenye tundu: adrenalini huongeza maji yanayoingia, ilhali milrinoni huziba tundu. Aidha, milrinoni hulegeza mishipa, ikiwamo ya mapafu, hivyo humfaa mgonjwa ambaye chumba chake cha kulia kimechoka kwa shinikizo la mapafu. Gharama yake ni kwamba shinikizo la mwili linaweza kushuka, na mara nyingi noradrenalini huongezwa ili kulishikilia. Vilevile dawa hii hutolewa na figo na hukaa mwilini kwa saa kadhaa. Figo zikiwa dhaifu hujilimbikiza, na kuipunguza ghafla hakuleti nafuu ya ghafla.

3.3 Levosimendani

Dawa ya tatu, levosimendani, haiongezi kalsiamu. Huzifanya nyuzi za misuli ziitikie zaidi kalsiamu iliyopo. Kwa nadharia hiyo, ilitarajiwa kwamba ingetoa nguvu bila madhara ya dawa nyingine. Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2017, moja ikiwa na wagonjwa zaidi ya 800 na nyingine wagonjwa 506, hazikuonesha kwamba wagonjwa wa upasuaji wa moyo waliopewa dawa hiyo walinusurika kifo zaidi ya wale ambao hawakuipewa. Matokeo hayo yana maana kwa nchi yenye bajeti finyu: dawa ghali zaidi si lazima iwe bora zaidi.

3.4 Sababu ya kuziacha mapema

Dawa zinazoongeza kalsiamu huongeza pia mahitaji ya oksijeni, kasi ya mapigo, na hatari ya mapigo kuvurugika. Moyo hupata nguvu ya leo kwa kutumia akiba yake. Ushahidi ulio wazi ulitolewa mwaka 1991, pale wagonjwa 1,088 wenye moyo uliodhoofika sana walipogawanywa, baadhi wakapewa vidonge vya milrinoni na wengine vidonge visivyo na dawa. Vifo viliongezeka kwa asilimia 28 miongoni mwa waliopewa milrinoni. Dawa inayomvusha mgonjwa usiku mmoja ilionekana kumfupishia maisha inapotumika kwa miezi. Kwa hiyo katika chumba cha wagonjwa mahututi swali huulizwa kila asubuhi: je, dozi inaweza kupunguzwa leo?

4.0 Dawa za Kuupunguzia Moyo Mzigo

Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mantiki ya tiba hugeuka. Ikiwa misuli bado ni dhaifu, lengo si kuihimiza tena bali kuipunguzia kazi. Mwili wenyewe, ukihisi damu haitoshi, hutoa homoni zinazobana mishipa, kubakiza chumvi na kuongeza mapigo. Homoni hizo husaidia mtu anayevuja damu kwa jeraha. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu huongeza mzigo kila siku. Dawa nyingi za nyumbani hufanya kazi ya kuzizuia.

Furosemidi huondoa maji na chumvi kupitia mkojo, hupunguza uvimbe wa miguu na humwezesha mgonjwa kulala bila kuinuka usiku akitafuta pumzi. Enalaprili huzuia homoni inayobana mishipa. Utafiti wa mwaka 1987 katika nchi za Skandinavia ulionesha kwamba hupunguza vifo kwa wagonjwa wenye moyo uliodhoofika sana. Spironolaktoni huzuia homoni inayobakiza chumvi. Katika utafiti wa mwaka 1999 uliohusisha wagonjwa 1,663, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kavediloli na bisoprololi huuziba mlango uleule ambao adrenalini huutumia, na kwa hiyo huanzishwa kwa dozi ndogo, mgonjwa akiwa ametulia, kisha hupandishwa polepole. Mgonjwa aliyepewa adrenalini mwezi uliopita anaweza leo kupewa dawa inayoizuia, na maamuzi yote mawili yakawa sahihi.

Digoksini ina historia ndefu zaidi. Mwaka 1785 daktari wa Uingereza, William Withering, alichapisha maelezo ya matumizi ya mmea ambao dawa za aina hiyo hutokana nao. Hutumika hasa pale ambapo mapigo yamekuwa ya haraka na yasiyo na mpangilio, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa valvu ya mitrali. Umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mdogo. Furosemidi ikipunguza potasiamu mwilini, sumu ya digoksini hujitokeza kwa urahisi zaidi: kichefuchefu, kuona rangi ya njano, mapigo kwenda polepole mno. Kipimo cha damu cha potasiamu na cha figo si nyongeza ya anasa. Ni sehemu ya dawa.

Mgonjwa wa Tandale huzungukwa pia na dawa nyingine. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa urahisi dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo au kichwa, hubakiza chumvi na maji, huzielemea figo na hupinga kazi ya furosemidi na enalaprili. Vidonge viwili vya maumivu kila siku kwa wiki moja vinaweza kumrudisha wodini mgonjwa ambaye hakuacha hata kidonge kimoja cha moyo.

5.0 Dawa Zinazoilinda Valvu

5.1 Wafarini

Valvu ya bandia iliyotengenezwa kwa madini na kaboni hudumu kwa miongo mingi, lakini damu huitambua kuwa kitu kigeni na huweza kuganda juu yake. Bonge la damu likiikwamisha valvu, mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache. Likimeguka na kwenda kwenye ubongo, husababisha kiharusi. Kwa hiyo mwenye valvu ya namna hiyo hutumia wafarini maisha yake yote. Dawa hii ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliovuja damu baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Habari hiyo ya sumu ya panya humtisha mgonjwa anapoisikia mtaani bila maelezo. Ni afadhali aisikie kliniki pamoja na maelezo yake.

Dozi ya wafarini haiwezi kukisiwa. Hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa mtu asiyetumia dawa, kipimo hicho huwa karibu na 1. Kwa mwenye valvu ya bandia ya mitrali, lengo la kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo valvu iko hatarini kuganda. Juu ya hapo mgonjwa yuko hatarini kuvuja damu. Wafarini hufanya kazi kwa kupingana na vitamini K, ambayo imo kwa wingi katika mchicha, matembele na kisamvu. Mgonjwa hahitaji kuziacha mboga hizo, ambazo ndizo kitoweo cha bei nafuu sokoni. Anahitaji kuzila kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Dawa za kawaida pia huivuruga INR: metronidazoli na kotrimoksazoli huipandisha, rifampisini ya kifua kikuu huishusha.

Swali la dawa mpya zisizohitaji INR limekwisha kujibiwa kwa sehemu. Mwaka 2012 utafiti wa dabigatrani kwa wenye valvu za bandia ulisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24, ulionesha kwamba dawa za jamii ya wafarini ziliokoa maisha zaidi ya rivaroksabani. Hivyo wafarini inabaki, na haja ya kipimo inabaki nayo.

Kwa msichana au mwanamke kijana uamuzi ni mgumu zaidi, kwa kuwa wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, ilhali kuiacha huhatarisha maisha ya mama. Mazungumzo juu ya uzazi wa mpango na ujauzito yanapaswa kufanyika kabla valvu haijachaguliwa, si baada ya hedhi kukosekana.

5.2 Penisilini

Upasuaji hurekebisha valvu. Haumwondolei mgonjwa hatari ya kuugua tena homa ya rumatiki. Anaporudi katika chumba kilekile chenye watu walewale, streptokoka wanaweza kumrudia na kuharibu valvu zilizobaki. Sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia jambo hilo. Haihitaji hospitali ya taifa. Zahanati yenye dawa, muuguzi na daftari la tarehe inatosha.

6.0 Majina ya Dawa na Ufahamu wa Mgonjwa

Namna dawa inavyotajwa kwa Kiswahili huathiri namna inavyotumika. Enalaprili huitwa mtaani dawa ya presha. Mgonjwa aliyepewa jina hilo, akipimwa na kuambiwa presha yake ni ya kawaida, ana sababu ya kimantiki ya kuiacha, kwa kuwa hakuambiwa kwamba kwake yeye inapunguza mzigo wa moyo. Furosemidi huitwa dawa ya kukojoza. Muuza mitumba au kondakta asiye na choo karibu ataiacha siku ya kazi, ilhali angeweza kushauriwa saa ya kuimeza. Wafarini huitwa dawa ya kuifanya damu kuwa nyepesi. Jina hilo lina kasoro mbili: damu haiwi nyepesi, bali huchelewa kuganda, na mtu anayejiona amepungukiwa na damu huogopa dawa inayoifanya iwe nyepesi zaidi.

Neno lenye hatari zaidi ni kupona. Mgonjwa aliyeingia Muhimbili akiwa hawezi kupanda ngazi na kutoka akitembea ana haki ya kusema amepona, na jamaa waliochanga fedha wana haki ya kufurahi. Lakini mtu aliyepona kwa kawaida haendelei kumeza dawa, wala hatumii nauli na siku ya kazi kwenda kupima damu. Maelezo yaliyo sahihi zaidi ni kwamba valvu imetengenezwa, na dawa ndizo zinazoitunza. Lugha ya ufundi inaeleweka vyema Tandale: pikipiki iliyotengenezwa injini bado hubadilishwa oili.

7.0 Hitimisho

Utafiti uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa wa moyo wa rumatiki katika nchi 12 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemeni, ulionesha kwamba karibu asilimia 17 walifariki ndani ya miaka miwili, wengi wao wakiwa bado vijana. Takwimu hizo zinaonesha ukubwa wa pengo kati ya tiba inayojulikana na tiba inayomfikia mgonjwa. Dawa za saa za mwanzo zinadai pampu, umeme na wauguzi wenye ujuzi, na Dar es Salaam imejenga uwezo huo. Dawa za miaka inayofuata zinadai mambo madogo yanayorudiwarudiwa: vidonge visivyokatika dukani, INR inayopimwa karibu na nyumbani, sindano kila mwezi, na maneno yanayomweleza mgonjwa kila dawa inafanya nini. Kama kipimo cha INR na sindano ya penisilini vitapatikana kwa uhakika Tandale au katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Mwananyamala, kazi iliyofanywa Muhimbili kwa saa kadhaa itapata nafasi ya kudumu kwa miaka.